Kasuku wa Mtakatifu Yosefu

Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye cheti, na huko ndiko lilikobaki. Mtaa mzima ulimwita Kasuku, naye aliitika bila kinyongo. Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita hivyo, wala hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Alikuwa seremala, na seremala kweli. Meza yake haikutikisika, mlango wake haukulia, kiti chake kilimzeesha mnunuzi kabla chenyewe hakijazeeka. Shida ni kwamba mkono wake haukuweza kufanya kazi peke yake, lazima ulimi nao uwe kazini. Randa ikienda mbele, neno. Randa ikirudi nyuma, neno. Na useremala kwa mtu wa namna hiyo ni kazi ya hatari. Watu hudhani mwenye siri za mtaa ni kinyozi. Kinyozi huambiwa tu, seremala huona. Mume na mke wakileta kitanda chao kipana wakaomba kikatwe viwe viwili vyembamba, seremala hahitaji kuelezwa zaidi. Mtu akitaka kitasa kwenye kabati lililo ndani ya chumba chake mwenyewe, ujue kuna mtu nyumbani humo hamwamini. Mzee mmoja aliagiza jeneza lake mapema, akalipeleka nyumbani, akawa anahifadhia nguo za baridi. Hayo yote Kasuku aliyajua kabla ya majirani, na majirani waliyajua kabla gundi haijakauka.

"Mume wangu," mkewe alikuwa akimwambia, naye ni fundi cherehani, mwanamke wa kupima mara mbili kabla ya kukata, "heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

"Kweli kabisa," Kasuku alijibu, na jioni akawasimulia wateja jinsi mkewe anavyomwonya.

Sasa sikia maajabu. Katika watakatifu wote waliojaa mbinguni, mtu huyu alimpenda Yosefu. Si kwa sababu ya useremala tu. Alimpenda kwa ajili ya ukimya wake. Picha ya mtakatifu ilining'inia juu ya benchi, kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe, na kila asubuhi Kasuku aliifuta vumbi la mbao kwa mkono wa shati huku akiizungumzisha. Ukikaa karibu naye, basi umekwisha. "Fungua Injili," angesema. "Petro anaropoka. Tomaso anabisha. Martha analalamika na kazi za nyumbani. Ukirudi Agano la Kale, hata punda wa Balaamu alipewa nafasi ya kusema. Lakini Yosefu, mlinzi wa Mwana wa Mungu, hakuandikiwa neno hata moja. Hata moja! Alijua Maria ana mimba, na mimba si yake. Angeweza kumwaga mtama kwenye kuku wengi. Hakutaka kumwaibisha. Akaota ndoto, akaamka, akafanya alivyoambiwa. Akachukua mama na mtoto, safari hadi Misri. Kimya." Na juu ya kimya hicho angeongea mpaka mbao ziishe.

Mafundi wa parokia walikuwa na chama chao, na somo wao, yaani mtakatifu msimamizi wao, alikuwa huyo huyo Yosefu. Kila mwaka siku ya somo, hotuba ilikuwa ya Kasuku. Watu walikula kwanza ndipo wakaja kumsikiliza, maana waliujua urefu wa safari yenyewe. Mwaka mmoja paroko, mtu wa mzaha, alimshika bega kabla hajasimama.

"Fundi," alisema, "mwaka huu mtakatifu wako ameomba tumwige."

Kasuku alicheka kuliko wote, akaongea saa nzima.

Yalikuwa ya kuchekesha hayo, mpaka yalipomfika binti yake.

Alikuwa mtoto wao wa pekee, karani wa posta, ameolewa na fundi saa wa ng'ambo ya pili ya mji, kijana wa maneno machache ambaye Kasuku alimwonea huruma kama mgonjwa. Binti alipopata mimba ya kwanza, mtu wa kwanza kumwambia baada ya mumewe alikuwa baba yake. Alikuja mwenyewe karakana, akaketi juu ya rundo la mbao kama alivyokuwa akiketi utotoni, kwa sababu alitaka kuuona uso wa baba yake atakaposikia. Kisha akamwomba jambo moja tu.

"Baba, hii kaa nayo. Bado ni changa."

Kasuku aliinua mkono, akala kiapo mbele ya picha ya Yosefu. Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa maombi ya waamini, furaha ilimpanda kooni ikamshinda. Alisimama akamshukuru Mungu, kwa sauti ya kufika kwenye kengele, kwa ajili ya mjukuu wake aliye njiani. Kanisa likapiga makofi. Wiki hiyo hiyo akachonga kitanda cha mtoto, akakipitisha mtaani juu ya kichwa chake, akakipeleka ng'ambo mwenyewe.

Mwezi haukuisha, mimba ikatoka.

Msiba huo peke yake ungemtosha binti. Lakini waliopiga makofi kanisani walikuja sasa na pole zao, na wale ambao habari mbaya haikuwafikia waliendelea kuja posta na pongezi, na kila mmoja ilibidi aelezwe upya. Binti alilazimika kumzika mtoto wake kila siku, mbele ya kila aliyekuja kununua stempu. Kitanda kilikaa kitupu chumbani mpaka mumewe alipokitoa na kumpa mtu mwingine.

Tangu hapo hakumtukana baba yake wala hakumnunia hadharani. Aliacha tu kusema naye. Akija kusalimia wazazi, aliketi mezani palepale, akamgeukia mama yake. "Mama, mwambie Baba chumvi iko karibu na mkono wake." Na Kasuku, ambaye alikuwa anaitazama chumvi, alijibu, "Mwambie asante." Mkewe akawa posta ya pili ya mji ule, anapokea huku anapeleka kule, na kila akipeleka alitamani kulia. Kasuku yeye alilia kweli, karakana, akiwa peke yake na picha. Kwingine aliendelea kuongea, kwa sababu asiyejua kuogelea huendelea kupiga maji.

Basi siku moja asubuhi mkwewe alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Vipi, saa za watu zinapona?"

Fundi saa hakuketi. Alitazama nyuma, akaingia ndani kabisa, akasimama kwenye maranda yaliyotapakaa sakafuni.

"Nataka kitanda cha mtoto," alisema.

Randa ilisimama katikati ya ubao.

"Mke wangu hajui kama nimekuja kwako. Alinituma dukani. Nimekwenda, nimevitikisa vyote, vyote vinacheza. Mimi nataka mwanangu alale kwenye kazi ya mkono wako." Kwa fundi saa hiyo ilikuwa tayari hotuba, na bado hakuwa amemaliza. "Lakini, Baba, nikwambie ukweli. Akisikia neno mtaani, hata nusu neno, atajua limetoka wapi. Safari hii sitakuwa na mdomo wa kukuombea."

"Mama yake anajua?"

"Hajui. Hajamwambia mtu. Wanaongea kwa simu tu, anasingizia kazi. Kule posta kaunta inamfika kifuani, watu hawaoni kitu. Na kitanda sitakichukua mpaka mtoto afike nyumbani mzima. Kitanda kitupu tumeshakaa nacho."

Kasuku alifungua mdomo ili aape kwa Mtakatifu Yosefu. Akakumbuka kwamba aliwahi kuapa kwake, akaufunga.

"Nimesikia," alisema.

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote yaliyowahi kusikika katika karakana ile, na lilipomtoka tu akaanza kutokwa jasho. Mjukuu. Mjukuu yuko njiani na hakuna wa kumwambia. Aliushika ubao, akautazama, akajiona anataka kuuambia hata huo ubao.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kosa. Alifunga mlango. Karakana ile haikuwa imefungwa mchana tangu ijengwe, na kwa hiyo mlango uliofungwa ukawa habari kubwa kuliko chochote kilichoweza kuwa ndani. Siku ya tatu kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na karakana, alivuka barabara na mkasi mkononi, amemwacha mteja nusu kichwa.

"Kasuku, umefiwa?"

Ikabidi afungue. Na kitanda cha mtoto, msomaji mwema, ni kitu kisichojificha. Kina fito pande zote, kina miguu mifupi, hakifanani na kitu kingine duniani. Kasuku alijaribu hata hivyo.

"Banda la kuku," alisema.

Kinyozi alipitisha kidole kwenye fito moja, laini kama shavu. "Kuku gani hawa wanaolala kwenye vanishi?"

Kabla ya jua kuwa la utosi, muuza mayai wa kona alikuja kuagiza banda kama hilo, kubwa zaidi. Kasuku alimtazama Yosefu ukutani akaona aibu. Yosefu alinyamaza, lakini hakudanganya mtu. Kuanzia hapo Kasuku akaacha uongo.

"Ni kitanda cha mtoto," alimwambia kinyozi aliporudi.

"Cha nani?"

"Cha mtoto."

"Mtoto wa nani?"

Kasuku akachukua misumari, akaipanga katikati ya midomo kama mafundi wafanyavyo, akainama kazini. Katika maisha yake yote hakuwa amewahi kuweka misumari mdomoni, maana ingemzuia kuongea. Sasa alishinda nayo kutwa, akaizoea na ladha yake. Kilichomtia kinyozi wazimu ni kwamba kitanda chenyewe hakikuwa na msumari hata mmoja. Kiliunganishwa kwa gundi na vigingi vya mbao.

Mtu mwenye maneno akinyamaza, watu humtungia. Kwanza walisema mkewe ana mimba, wakamtazama yule mama, nywele zake zikiwa zimeanza kuingia mvi, wakalifuta wazo hilo wenyewe. Halafu wakasema lile lililobaki. Kasuku ana mwanamke. Ana mwanamke, na mwanamke ana mimba, na kama si hivyo mbona hasemi, yeye ambaye hata ndoto zake tunazijua? Lisemwalo lipo, wakasema, na wakasema tena.

Neno moja lingemsafisha. Alilijua neno hilo. Lililala na kuamka naye.

Mkewe aliusikia uvumi huo kwenye foleni ya maji. Hakuja juu. Alikuja karakana na chakula cha mchana kama kawaida, akakiweka juu ya benchi, akakizunguka kile kitanda pole pole, akaukagua ukingo wake kwa jicho la mtu anayejua kazi nzuri. Miaka yote hakuwa amemwona mumewe akikitengeneza kitu kwa mapenzi kama hayo, isipokuwa mara moja tu.

"Cha nani?" aliuliza.

Kasuku alitoa misumari mdomoni. Akaishika mkononi.

"Siwezi kusema, Mama."

"Wewe? Wewe huwezi kusema?"

"Siwezi."

"Nimekaa nawe miaka mingapi nikikuomba unyamaze," mkewe alisema, na sauti ikaanza kumvunjika. "Leo nakuomba useme. Neno moja. Hata uongo niletee, nitaupima mwenyewe."

Alimtazama mkewe, na moyo ulimuuma kweli kweli. Hakuwahi kumficha mwanamke huyu kitu, kwa sababu hakuwahi kumficha mtu yeyote kitu. Alitikisa kichwa.

"Basi sawa," mkewe alisema, akijifunga kanga vizuri. "Ukimaliza hicho, chukua na kitanda chetu ukikate viwe viwili. Msumeno unao."

Na tangu siku hiyo alilala kwenye chumba cha cherehani.

Siku ya somo ikafika. Wanachama walikuwa wamenong'ona kwamba si vizuri mtu mwenye jambo lake asimame kumsifu Yosefu mwenye haki, baba mlinzi wa familia, na kwamba mchomeleaji wa mageti anaweza kusoma sala fupi ikatosha. Paroko aliwasikiliza, akasema Kasuku ataongea kama kawaida, nao wakaja wote, safari hii bila kula kwanza, wasikose hata neno. Hata mkewe alikuja. Aliketi safu ya mwisho.

Kasuku alisimama. Aliiona hotuba yake yote imejipanga mbele yake, Petro na Tomaso na punda. Miaka yote alikuwa amehubiri juu ya ukimya wa Yosefu akidhani ni ukimya wa mtu asiye na la kusema. Sasa ndipo alipoelewa kwamba mtu yule alikuwa na mdomo umejaa. Alikuwa na majirani, alikuwa na wateja, alipita njiani watu wakigeuka kumtazama, na neno lilikuwepo pale kwenye ulimi, akalimeza kila siku kwa ajili ya mwanamke na mtoto.

"Yosefu alijua jambo," Kasuku alisema, "na akakaa nalo. Si rahisi."

Akaketi.

Watu walingoja. Mtu mmoja akakohoa. Paroko alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni aone kama imesimama.

Baada ya hapo hata kinyozi aliacha kuuliza. Kitanda kilikaa kwenye kona ya karakana, kimekwisha, kinang'aa, na Kasuku alikifuta vumbi kila asubuhi baada ya kumfuta Yosefu. Wapo waliompita bila salamu. Mume na mke wa vile vitanda viwili walimwangalia kwa namna ya kuridhika, na hakuwalaumu. Zamani angewashinda wote kwa maneno. Sasa alisema "Habari za asubuhi," akarudi kwenye randa, na kazi zake, kwa wale waliobaki wateja, zilianza kutoka mapema ajabu.

Fundi saa alikuja siku ya soko, mbio, shati limefungwa vifungo kombo. Kasuku alikuwa amerudi nyumbani kunywa chai peke yake. Mkewe alikuwa chumba cha pili, anakanyaga cherehani.

"Baba. Mama. Anawaita hospitali, nyote wawili," fundi saa alisema akihema. "Amelia. Mtoto amelia."

Cherehani ilinyamaza. Mkewe alitokea mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Alimtazama mkwe, akamtazama mume, na mahesabu yakajipanga usoni mwake moja baada ya jingine.

"Ni kile kitanda," alisema.

"Ndicho," Kasuku alisema.

Mkewe alimpiga bega kwa ngumi, akampiga tena, kisha akaweka uso wake palepale alipopiga akalia, na ilibidi fundi saa awakumbushe kwamba kuna mtu anawangoja.

Wodi ilikuwa nyeupe na ndefu, yenye harufu ya dawa ya kufanyia usafi. Binti alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, amechoka, anang'aa jasho, na kifuani kwake kuna kifurushi kidogo chenye hasira. Mama yake alimfikia kwanza. Kasuku alisimama mguuni mwa kitanda, hajui mikono aiweke wapi, akingoja kusikia atatumiwa ujumbe gani kupitia kwa mkewe.

"Baba," binti alisema.

Alimwambia yeye. Ana kwa ana.

"Nilijua tangu siku ile ile," aliendelea. "Huyu mume wangu alirudi na maranda kwenye pindo la suruali, eti ametoka dukani. Fundi saa anatoa wapi maranda? Nikajua amekwenda kwako. Nikasema, basi, kesho mtaa mzima utakuwa kwenye kaunta yangu." Alimweka mtoto vizuri. "Na walikuja kweli. Kila siku walikuja, wakakusema wewe. Ana mwanamke, ana mtoto wa nje, ameaibika. Nikawa nagonga mihuri nikingoja uniseme mimi. Hukunisema."

Kasuku alitazama sakafu.

"Ningeweza kukusafisha, Baba. Nikakuacha usemwe. Niliogopa. Nisamehe."

"Mama," Kasuku alisema, kwa maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu alipokuwa mdogo. Binti akamnyooshea kile kifurushi, naye akakipokea kwa viganja vyake vilivyojaa sugu, kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa ubao wowote.

"Haya," binti alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimcheka. "Najua inakuwasha. Nenda kawaambie. Ruhusa unayo."

Watu wote watatu walimtazama. Mkewe alikuwa tayari amesogea pembeni ampishe njia ya mlango. Kasuku alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama yake mtoto, akauliza jambo ambalo katika maisha yake marefu ya kusambaza habari hakuwahi kumwuliza mwenye habari hata mmoja.

"Unataka niseme nini?"

Binti alifikiri. Macho yalimjaa machozi, akayaacha yashuke.

"Sema ni msichana," alisema. "Sema ni mzima. Basi."

Alasiri ile Kasuku alifungua karakana milango yote miwili. Kinyozi alivuka barabara, na nyuma yake wakaja muuza mayai na mchomeleaji, na yule mzee wa jeneza, maana walikuwa wamemwona mkewe akipita anaimba.

"Nimepata mjukuu," aliwaambia. "Ni msichana. Ni mzima."

Baadhi yao walikitazama kile kitanda kwenye kona, wakatazama viatu vyao. Kinyozi ndiye aliyejikaza.

"Enhe? Alizaliwa saa ngapi? Kafanana na nani? Mama yake mlikuwa mmemficha wapi siku zote hizi? Hebu tupe yote, Kasuku."

"Hayo mengine ni ya mwenyewe," Kasuku alisema, akachukua kitambaa.

Walingoja aendelee, hakuendelea. Lakini kitanda kilikuwa kazi ya mkono wake mwenyewe, na alipokuwa anakipangusa vumbi ili mkwewe aje kukichukua, mchomeleaji alifanya kosa la kuuliza kama ni kweli hakina msumari hata mmoja. Juu ya vile vigingi Kasuku aliongea mpaka magharibi.